Kompresa ya karakana ya nyumbani: Tangi kubwa si hoja

MSIMU wa bonasi ya majani chai unapowadia kila Oktoba, maduka ya mashine katika miji ya Sotik, Litein na Bomet hupata wateja wa aina yake. Ni wazazi waliofuatana na vijana waliohitimu vyuo vya ufundi, na bidhaa inayoulizwa mara kwa mara ni mashine ya kubana hewa, maarufu kama kompresa. Kijana ana ujuzi, boma lina nafasi ya kibanda, na nguzo ya umeme imefika. Kilichosalia ni mashine.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mkulima anayetumia bonasi kununua kompresa isiyofaa hana njia nyepesi ya kurekebisha kosa hilo kabla ya Oktoba nyingine, na iwapo fedha zenyewe ni mkopo wa chama cha akiba, makato huanza mwezi unaofuata hata kama mashine imekaa kibandani ikikusanya vumbi.

Kaplong ni mahali pazuri pa kufanyia kazi hii. Barabara inayotoka Kisii kupitia Sotik hugawanyika hapo, tawi moja likielekea Bomet na Narok, na jingine likipanda Litein na Kapkatet hadi Kapsoit, karibu na mji wa Kericho. Malori ya majani chai, magari ya maziwa, matatu na bodaboda hupita mchana kutwa. Kazi za kuziba panja, kujaza magurudumu upepo, kupuliza rangi na kusafisha vichujio vya injini hazikosekani kwa fundi aliye tayari.

Anapoingia dukani, mnunuzi hutazama mambo mawili kwanza: ukubwa wa tangi na idadi ya nguvu za farasi zilizoandikwa ubavuni. Wauzaji wanalijua hilo, na ndiyo sababu mashine yenye pampu dhaifu huweza kuwekewa tangi pana la kuvutia macho. Ukweli ni kwamba tangi halitengenezi upepo. Kazi yake ni kuuhifadhi tu, kama pipa linalokinga maji ya mvua chini ya paa la mabati. Pipa likiwa kubwa na mvua ikiwa ya manyunyu, mwenye nyumba atateka ndoo chache kisha atasubiri.

Hesabu yake si ngumu. Tangi la lita 50 lililojazwa hadi shinikizo la baa 8 na kutumiwa hadi baa 6 hutoa takriban lita 100 tu za hewa ya kawaida. (Baa moja ni sawa na PSI 14.5, kipimo ambacho mafundi wengi wa magurudumu wamekizoea.) Bomba la kupulizia rangi linalotumia lita 200 kwa dakika litamaliza akiba hiyo kwa nusu dakika. Baada ya hapo, rangi itakayoendelea kutoka inategemea kasi ya pampu pekee, yaani lita ngapi za hewa pampu inaweza kuingiza tangini kila dakika. Kipimo hicho ndicho cha kuulizia kabla ya vingine vyote.

Kiasi kinachohitajika hutegemea kazi, na tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Gurudumu la pikipiki ya bodaboda lina nafasi ya lita tano hivi, na kulijaza hadi PSI 32 huhitaji hewa ya kawaida isiyozidi lita 15. Gurudumu la gari dogo huhitaji lita 60 hivi. Lakini gurudumu la lori lenye nafasi ya lita 130 hivi, ambalo hujazwa hadi PSI 110, humeza karibu lita 1,000. Mashine ndogo inayotoa lita 120 kwa dakika italijaza gurudumu hilo kwa zaidi ya dakika nane, nayo itakuwa imechemka. Dereva wa lori lenye majani mabichi yanayosubiriwa kiwandani hana subira hiyo mara ya pili.

Kupuliza rangi kuna mahitaji yake. Bomba la kawaida lenye kikombe juu hutumia kati ya lita 150 na 250 kwa dakika, na yale yanayopuliza kwa shinikizo dogo ili kuokoa rangi hutumia hewa nyingi zaidi, mara nyingine hadi lita 400. Mashine ya msasa ya kuzunguka ndiyo mlafi mkuu, kwa kuwa hutumia lita 300 hivi bila kupumzika. Spana ya upepo ya kufungua nati za magurudumu hutumia hewa nyingi kwa sekunde chache, kwa hivyo hapo tangi lenye akiba husaidia kweli. Seremala anayepigilia misumari midogo kwa upepo hutumia kiasi kidogo mno, na mashine yoyote nzuri ya lita 24 au 50 itamtosha.

Tatizo ni kwamba tarakimu iliyobandikwa kwenye mashine mara nyingi si hewa inayotoka. Watengenezaji wengi huandika kiasi ambacho pistoni ingevuta iwapo hakuna kingepotea. Katika hali halisi, sehemu ya hewa hubaki juu ya pistoni, nyingine huvuja kwenye valvu, na joto hupunguza kinachoingia. Mashine iliyoandikwa lita 200 kwa dakika huenda ikatoa 120 au 140. Kipimo cha haraka ambacho mafundi wa siku nyingi hukitumia ni kwamba kila nguvu moja ya farasi hutoa takriban lita 100 kwa dakika kwa shinikizo la baa 7. Mashine ya nguvu mbili za farasi inayodai kutoa lita 350 inadai miujiza.

Mnunuzi hahitaji kubishana na muuzaji kuhusu jambo hilo, kwa sababu lipo jaribio linaloweza kufanywa dukani kwa simu ya mkononi yenye saa. Mashine huwashwa, valvu ya kutoa hewa ikiwa imefungwa. Mshale wa geji unapofika baa 4, saa inaanzishwa. Unapofika baa 8, inasimamishwa. Ujazo wa tangi huzidishwa kwa 4, kisha jibu hugawanywa kwa dakika zilizopita. Tangi la lita 50 likitumia sekunde 90, yaani dakika moja na nusu, hesabu ni 200 kugawanywa kwa 1.5, sawa na lita 133 kwa dakika. Jibu hilo huzidi ukweli kidogo kwa kuwa hewa ndani ya tangi bado ni ya moto, lakini linaukaribia kuliko karatasi iliyobandikwa. Muuzaji asiyekubali mashine iwashwe kabla ya malipo amekwisha kujibu swali.

Mahali jaribio linapofanyiwa pia pana uzito wake. Nyanda za chai za Kericho na Bomet ziko kati ya mita 1,800 na zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huku ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Pistoni huvuta ujazo uleule, ila hewa iliyomo ni nyepesi. Ili kulijaza tangi hadi baa 8, mashine iliyoko Kaplong hulazimika kuvuta takriban robo zaidi ya ile iliyoko pwani. Isitoshe, pwani hewa hubanwa mara tisa ili kufikia shinikizo hilo, ilhali huku hubanwa mara kumi na moja, na kila kubanwa zaidi huongeza joto kwenye kichwa cha pampu. Hii ndiyo sababu mashine iliyosifiwa na jamaa anayeishi Mombasa huonekana mvivu ikifika Sotik. Mashine iliyojaribiwa Nairobi, mji ambao nao uko juu, haitamshangaza mnunuzi sana.

Suala la umeme ndilo linalowakwaza wengi zaidi. Mradi wa serikali wa Last Mile, uliozinduliwa mwaka 2015 wakati ada ya kuunganishiwa ilipopunguzwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, ulifikisha nyaya katika maboma mengi ya mashambani. Karibu zote ni za fezi moja, volti 240. Kwa hivyo, kompresa za fezi tatu zinazouzwa kwa bei ya kutamanisha kutoka viwanda vilivyofungwa hazina kazi katika boma la kawaida, hata ziwe nzima kiasi gani.

Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,100. Mota ya nguvu mbili za farasi hula wati 2,000 hivi ikiwa kazini, kiasi ambacho soketi hustahimili. Mota ya nguvu tatu hufika ukingoni, na inastahili kuwekewa waya wake kutoka kwenye swichi kuu, kazi ya fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Zaidi ya nguvu tatu, nyumba ya fezi moja huanza kulalamika: taa hufifia na swichi hukatika kila mashine inapojiwasha.

Sababu ni kwamba mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au zaidi ya inaoutumia baadaye. Kwa boma lililo mbali na transfoma, volti hushuka wakati huohuo. Mota ikikosa nguvu ya kuanza hunguruma bila kuzunguka, na koili zake huungua kwa muda mfupi. Njia ya kujua mapema ni kumwita fundi apime volti jioni, majirani wanapopika na kupiga pasi. Zikiwa chini ya 220, ni busara kuachana na ndoto ya nguvu tatu.

Waya wa kuunganishia ndio muuaji wa mota asiyeshukiwa. Waya mwembamba wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 30 unaweza kupoteza zaidi ya volti 50 wakati mota inapoanza. Fundi anayetaka kufikia lori lililoegeshwa barabarani anapaswa kurefusha mpira wa upepo na kuiacha mashine karibu na soketi. Mpira hupoteza shinikizo kidogo tu, nao haushiki moto.

Wapo ambao hawana umeme, au wanaohofia kukatika kwake msimu wa mvua kubwa. Hao huangukia kompresa za petroli, ambazo ni za kawaida kwa mafundi wa panja walio kando ya barabara. Zinafaa, ila injini ya petroli nayo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake katika miinuko hii, na moshi wake una sumu isiyo na harufu. Haifai kamwe kuwashwa ndani ya kibanda, hata mlango ukiwa wazi.

Baada ya umeme, kuna uchaguzi kati ya mashine ambayo mota imeshikamana na pampu na ile inayozungushwa kwa mkanda. Ya kwanza ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini pistoni yake huenda kwa kasi ya mota, karibu mizunguko 2,800 kwa dakika. Ya mkanda huzunguka polepole, mara nyingi mizunguko 1,000 hivi, kwa hivyo hupoa vizuri zaidi, huishi miaka mingi na hupiga kelele kidogo. Kwa mtu anayekusudia kula kwa jasho la mashine hiyo, mkanda ni bora hata ikibidi kusubiri msimu mwingine ili kujaliza bei.

Mashine zisizotumia mafuta zina wateja wake, hasa kwa wachoraji na wanaotaka hewa safi. Zile za bei ya chini, hata hivyo, hupiga kelele ya kukera na hazikutengenezwa kufanya kazi mchana kutwa. Kelele si jambo dogo pale boma moja linapopakana na jingine kwa ua wa miti tu, kwani kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinampa jirani haki ya kulalamika kwa NEMA. Mashine zinazotumia mafuta zinataka mafuta ya kompresa yenyewe. Yale ya injini ya gari yana viungo vinavyoacha masizi kwenye valvu.

Yote haya yanahusu fedha. Tangi linahusu uhai.

Tangi la lita 50 lililojaa hadi baa 8 limehifadhi nishati inayoweza kulinyanyua gari dogo la tani moja mita tatu kutoka ardhini. Likipasuka, nishati hiyo hutoka kwa mara moja pamoja na vipande vya chuma. Na kinachosababisha tangi kupasuka katika eneo hili ni kitu ambacho wakazi wanakijua vyema, yaani unyevu. Hewa ya nyanda za chai ina maji mengi karibu mwaka mzima. Inapobanwa kisha ikapoa, maji hayo huanguka chini ya tangi. Mashine inayovuta lita 170 kwa dakika bila kupumzika inaweza kukusanya mililita 100 za maji kwa saa moja. Yasipomwagwa, chuma hula kutu kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Chini ya kila tangi kuna kizibo cha kumwagia maji. Kifunguliwe kila jioni, shinikizo likiwa limepunguzwa. Maji yenye rangi ya kahawia yanaonyesha kwamba kutu imeanza. Kwa anayenunua mashine iliyotumika, kizibo hicho ndicho cha kwanza kukagua. Kikiwa kimeganda na hakifunguki, ina maana mwenye mashine hakukifungua kwa miaka, na tangi hilo halistahili kununuliwa kwa bei yoyote. Fundi makini akishuku tangi hulijaribu kwa maji: hulijaza pomoni bila kuacha hewa, kisha hulisukuma kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya shinikizo la kazi. Maji hayabaniki, kwa hivyo tangi bovu likishindwa huvuja tu, halilipuki.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila tangi la hewa mahali pa kazi liwe limeandikwa shinikizo salama, liwe na valvu ya usalama, geji sahihi na njia ya kumwaga maji, na likaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi 24. Wengi hudhani sheria hiyo ni ya viwanda vya chai peke yake. Kibanda chenye mwajiriwa mmoja nacho ni mahali pa kazi. Kwa bidhaa mpya kutoka nje, mnunuzi atafute kibandiko cha shirika la viwango, KEBS, na zaidi ya hapo bamba la chuma lililopigwa kwenye tangi lenyewe likionyesha shinikizo lake na mwaka lilipotengenezwa. Tangi lisilo na bamba halina ukoo.

Kuna pia zile za kujiundia. Mafundi wa jua kali ni wabunifu, na si ajabu kukuta kompresa ya jokofu bovu iliyounganishwa na mtungi wa gesi ya kupikia. Pampu ya jokofu yenyewe haina ubaya. Upepo wake ni mdogo mno, labda wa kutosha baiskeli na bodaboda moja moja. Hatari iko kwenye mtungi. Mabaki ya gesi yanaweza kulipuka wakati wa kuuchomelea, chuma karibu na uchomeleaji hubadilika na kudhoofika, na mara nyingi hauna kizibo cha maji wala valvu ya usalama. Ni akiba ya shilingi elfu chache ambayo familia inaweza kuilipa vibaya.

Kwa mtazamo wa kazi zilizopo Kaplong, fundi wa bodaboda na magari madogo anatosheka na mashine ya mafuta ya nguvu mbili za farasi na tangi la lita 50, mradi jaribio la saa lionyeshe lita 120 au zaidi. Anayetaka kupuliza rangi magari asishuke chini ya nguvu tatu, mkanda, na tangi la lita 100, tena aongeze kichujio cha maji na mafuta. Tone la maji hutokeza malengelenge kwenye rangi na tone la mafuta huacha vishimo, na gari lililoharibika hivyo hupigwa msasa upya kwa gharama ya fundi. Msasa wa upepo wenyewe afadhali auache. Wa umeme utamfanyia kazi hiyo kwa gharama ndogo. Anayelenga malori ana njia mbili tu: umeme wa fezi tatu au injini ya petroli, na zote zinahitaji hesabu ya biashara kabla ya hesabu ya mashine.

Mashine ikishafika nyumbani, iwekwe mahali penye hewa ya kupita, mbali na vumbi la mbao na mvuke wa rangi, na umbali wa angalau mkono mmoja kutoka ukutani. Mafuta ya kwanza yabadilishwe mapema, baada ya saa 50 hivi za kazi, kwa kuwa hubeba chembe za chuma za pampu mpya. Hewa isielekezwe kwenye ngozi wala kutumiwa kupangusa vumbi mwilini, kwani huweza kupenya kwenye jeraha au kupofusha jicho. Na kama upepo utasambazwa kibandani kwa mabomba, yasitumike yale ya plastiki ya PVC yanayouzwa kwa ajili ya maji. Hayo hustahimili shinikizo kwa miezi kadhaa, kisha siku moja ya baridi huvunjika vipande vyenye ncha kali kama chupa. Mabomba ya chuma, au mpira wa upepo uliowekwa alama ya shinikizo lake, ndiyo yanayofaa.